Kumwamsha Mnyama wa Maabara kwa Dawa Pinzani: Mwongozo Kamili

Panya mdogo (mouse) aliyechomwa ketamini na zailazini, dawa mbili za kulaza, kwa kazi ya dakika ishirini huweza kulala saa nzima au zaidi baada ya kazi kwisha. Muda wote huo mwili wake unapoa, moyo unapiga polepole, macho yaliyobaki wazi yanakauka, na mara nyingi mwenye utafiti ameshatoka kwenda kula. Uchunguzi mkubwa wa kliniki za wanyama Uingereza, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba asilimia 1.39 ya sungura waliolazwa kwa dawa walikufa, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea upasuaji ukiwa umekwisha. Hao walikuwa sungura wa kufugwa nyumbani, wenye madaktari wao. Kwenye maabara yenye fundi mmoja na stima inayopotea, hali haiwezi kuwa nafuu kuliko hiyo.

Dawa pinzani, yaani zinazozuia vipokezi (mahali kwenye chembe ambako dawa ya kulaza hushika), hufupisha kipindi hicho. Zikitumiwa vizuri, mnyama hurudi kwenye miguu yake kwa dakika badala ya saa. Zikitumiwa ovyo humwamsha katika maumivu, au humwacha ametetemeka na kukakamaa kuliko alivyokuwa. Nimeandika haya kwa fundi wa maabara, mwanafunzi wa uzamili na mhudumu wa nyumba ya wanyama, awe Njoro, Maseno, Kakamega au Kisian. Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo: kuamsha hupangwa kabla ya sindano ya kwanza ya kulaza. Ukishachagua dawa isiyo na mpinzani, hakuna ujanja wa baadaye.

Karatasi kwanza, kwa ufupi. Majaribio kwa wanyama Kenya yanahitaji leseni chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, pamoja na kibali cha kamati ya maadili ya taasisi yako. Dawa za jamii ya afyuni kama fentanili ziko chini ya sheria ya mihadarati ya mwaka 1994, kwa hiyo zina kabati lake, kufuli lake na daftari lake. Viwango nitakavyotaja ni vya kawaida kwa wanyama wenye afya. Daktari wa mifugo wa kituo chenu ndiye mwenye neno la mwisho, kwa sababu yeye anawajua wanyama wenu.

Nini hasa kinatokea kwenye kipokezi

Kwenye shina la ubongo kuna kishada kidogo cha chembe za neva kinachoitwa lokasi seruliasi. Chembe hizo humwaga noradrenalini sehemu nyingi za ubongo, na ndiyo inayomfanya mnyama awe macho na makini. Juu ya chembe hizo kuna vipokezi vya alfa-2. Vikishikwa na zailazini, medetomidini au deksmedetomidini, chembe hutulia, noradrenalini hupungua na mnyama analala. Vipokezi vya aina hiyo viko pia kwenye uti wa mgongo, ambako kuvishika hupunguza maumivu, na kwenye kongosho, ambako kuvishika huzuia insulini isitoke. Haya mawili yakae akilini, maana yatarudi.

Dawa pinzani hukaa kwenye kipokezi kilekile lakini haikifanyi chochote. Umewahi kupanda matatu stejini ukidhani imejaa, kumbe nusu ya waliokaa ni vijana wa stendi wasio na safari? Kiti kimekaliwa, abiria wa kweli amekosa nafasi, lakini nauli hakuna. Atipamezoli, dawa pinzani ya vipokezi vya alfa-2, hufanya hivyo mbele ya zailazini. Haiivunji zailazini wala haiitoi mwilini. Inaizuia tu isikae, na zailazini inaendelea kuzunguka kwenye damu mpaka ini na figo ziiondoe.

Kutokana na hilo yanafuata mambo matatu, na karibu makosa yote ya kuamsha huanzia kwa kusahau mojawapo. La kwanza, ni mashindano ya wingi: dawa ya kulaza ikiwa nyingi, pinzani nayo lazima iwe nyingi, na iliyobaki ikiwa kidogo, pinzani ipunguzwe. La pili, pinzani ikiondoka mwilini mapema kuliko dawa ya kulaza, mnyama hurudi usingizini mwenyewe, na pengine hakuna mtu chumbani. La tatu, pinzani hufuta kila kitu ambacho kipokezi hicho kilikuwa kikifanya, kizuri na kibaya pamoja. Usingizi unaondoka, na nafuu ya maumivu inaondoka nao.

Nani anampinga nani

Kwa jamii ya alfa-2, pinzani bora ni atipamezoli. Iliundwa Finland, na upendeleo wake kwa alfa-2 dhidi ya kipokezi ndugu, alfa-1, unazidi mara 8,000. Yohimbini, iliyotokana na gome la mti wa misitu ya Kameruni na Gaboni, ina upendeleo wa takriban mara 40 tu, na hugusa pia vipokezi vya serotonini na dopamini. Yohimbini humwamsha panya, hilo halina shida, lakini pamoja na kumwamsha inaweza kumpa msisimko ambao atipamezoli haimpi. Tolazolini ni chafu zaidi, yaani haichagui vipokezi, na hutumika sana kwa wanyama wakubwa. Ukiwa na uwezo wa kuagiza, agiza atipamezoli, na uagize mapema. Zailazini utaipata kwenye maduka mengi ya dawa za mifugo kwa sababu ng'ombe wanaihitaji. Pinzani yake si bidhaa ya kila kaunta.

Midazolamu na diazepamu hukaa pembeni mwa kipokezi cha GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza chembe za neva, na kukiongezea nguvu. Mpinzani wao ni flumazenili, inayokaa pahali hapohapo pa pembeni. Fentanili, mofini na ndugu zao hupingwa na nalokisoni, iliyopata hati miliki mwaka 1961 na ambayo leo iko kwenye kila chumba kizuri cha dharura. Buprenofini ni mkaidi: imeshika kipokezi kwa nguvu sana kiasi kwamba nalokisoni ya kiwango cha kawaida huenda isiitikise.

Kisha kuna zisizo na mpinzani, na hapa wanafunzi hushangaa. Ketamini haina. Pentobarbitali haina. Urethani haina, na kwa kweli mnyama aliyelazwa kwa urethani hapaswi kuamshwa kabisa kwa sababu dawa hiyo husababisha saratani. Gesi ya aisoflureni haina pinzani wala haihitaji: ukiifunga na kuacha oksijeni, mnyama anaipumua nje. Kama maabara yenu ina mashine ya gesi na bajeti ya kuihudumia, nusu ya mwongozo huu haikuhusu, na nakuonea wivu kidogo.

Kuchagua mchanganyiko unaoweza kufutwa

Mchanganyiko uliozoeleka huku kwetu ni ketamini 80 hadi 100 mg kwa kilo pamoja na zailazini 5 hadi 10 mg kwa kilo, tumboni, kwa panya wadogo. Kwa panya wakubwa (rat), ketamini 75 hadi 100 na zailazini 5 hadi 10. Kwa sungura, ketamini 35 na zailazini 5, kwenye msuli. Mchanganyiko huu hufutika nusu tu: atipamezoli inaondoa zailazini, ketamini inabaki.

Unaofutika wote ni ule wa dawa tatu: medetomidini, midazolamu na fentanili. Kwa panya mdogo ni 0.5, 5 na 0.05 mg kwa kilo kwa mpangilio huo. Wapinzani wake ni atipamezoli 2.5, flumazenili 0.5 na nalokisoni 1.2 mg kwa kilo. Kwa panya mkubwa viwango vya kulaza ni 0.15, 2 na 0.005, na vya kuamsha ni 0.75, 0.2 na 0.12. Angalia uwiano: katika wanyama wote wawili atipamezoli ni mara tano ya medetomidini. Kwa zailazini uwiano unageuka, kwa sababu zailazini ni dhaifu zaidi: miligramu 1 ya atipamezoli hutosha kwa takriban 10 za zailazini.

Mchanganyiko wa dawa tatu ni ghali, na fentanili ina makaratasi yake. Kwa kazi ndogo, kama kuwalaza panya ili mbu wawanyonye damu au kuchora alama ya kudumu, sioni sababu ya kuutafuta. Kwa upasuaji ambao lazima mnyama apone na kuendelea na utafiti kwa wiki, gharama yake inajilipa kwa wanyama usiowapoteza.

Hesabu na kuchanganya

Panya wa gramu 25 anayehitaji atipamezoli 1 mg kwa kilo anahitaji miligramu 0.025. Chupa ya kawaida ina mg 5 kwa kila ml. Hiyo ni ml 0.005, kiasi ambacho hakuna sirinji ya kawaida inayoweza kukipima kwa uaminifu. Mtu anayejaribu kukikadiria kwa jicho atampa panya mara tatu au mara nne ya kinachotakiwa.

Kwa hiyo punguza makali. Chukua ml 0.2 za dawa ya chupani, ongeza ml 9.8 za salaini safi (maji ya chumvi ya kuchoma), tikisa taratibu. Sasa una ml 10 zenye mg 0.1 kwa kila ml, na hesabu inakuwa nyepesi: ml 0.1 kwa kila gramu 10 za panya. Yule wa gramu 25 anapata ml 0.25 chini ya ngozi. Kwa panya mkubwa punguza mara kumi tu, upate mg 0.5 kwa ml. Wa gramu 300 kwa kiwango cha 0.5 mg kwa kilo atapata ml 0.3. Sungura wa kilo 3 kwa kiwango hichohicho anahitaji mg 1.5, yaani ml 0.3 za dawa ya chupani bila kuiongeza chochote.

Andika juu ya chupa mpya jina la dawa, nguvu yake, tarehe na herufi za jina lako. Chupa isiyo na maandishi imwagwe siku hiyohiyo, hata kama ni ya mwalimu. Na soma nguvu ya zailazini kabla ya kuivuta: kuna ya mg 20 kwa ml na kuna ya mg 100 kwa ml, zote maji meupe. Ukichanganya hizo mbili umempa mnyama mara tano, na hakuna pinzani itakayokusamehe kirahisi.

Vuta sirinji za kuamsha kabla hujamgusa mnyama. Ziweke upande wa kushoto wa meza, za kulaza upande wa kulia, au kinyume, mradi chumba kizima kifuate mpango mmoja. Mnyama akiacha kupumua katikati ya kazi, huo si wakati wa kutafuta kikokotoo kwenye simu.

Muda ndio kila kitu

Hapa pana mtego mkubwa wa ketamini na zailazini. Ketamini ikiwa peke yake hulegeza akili lakini hukaza misuli. Zailazini ndiyo iliyokuwa ikiilainisha. Ukiifuta zailazini dakika kumi baada ya kuchoma, unamwacha panya na ketamini tupu: anakakamaa, anatetemeka, anarusha kichwa, anashtuka kwa kila mlio. Amefumbua macho lakini hajaamka.

Subiri basi. Kwa panya, dakika 30 hadi 40 tangu sindano ya ketamini ni muda wa busara, kwa sababu kwao ketamini huondoka upesi kuliko zailazini. Dalili nzuri ni hii: bana kidole cha mguu wa nyuma kwa kucha zako. Akianza kuuvuta mguu mwenyewe, ketamini imepungua na unaweza kuchoma pinzani. Ikiwa ni dharura, pumzi zinakatika, usingoje. Choma mara moja na uvumilie kukakamaa. Bora panya anayetetemeka.

Upande wa pili wa muda: ukichelewa saa nzima, zailazini iliyobaki ni kidogo, na kiwango kizima cha pinzani kitakuwa kingi mno. Mnyama atakuwa na mapigo ya haraka na fadhaa. Punguza kiwango hadi nusu. Watu wengi hufanya kinyume, wanamwona amechelewa kuamka na kuuliza, "Daktari, nimwongeze nyingine?" Mara nyingi asiyeamka baada ya kipimo kizuri cha atipamezoli amepoa mwili, hakukosa dawa. Mpime joto kabla hujavuta sirinji ya pili.

Kwa mchanganyiko wa dawa tatu hakuna kungoja ketamini. Kazi ikiisha, wapinzani wote watatu huchomwa pamoja. Hata hivyo flumazenili na nalokisoni hazikai mwilini sana. Flumazenili hasa huondoka upesi kuliko midazolamu, na panya aliyekuwa akizunguka kizimba anaweza kuonekana amejikunja tena kwenye kona. Kaa naye angalau saa mbili baada ya kumwamsha, na usipange upasuaji wa mwisho saa kumi jioni kama unakimbilia matatu ya saa kumi na moja.

Namna ya kuchoma

Chini ya ngozi ya mgongo, kati ya mabega, ndiyo njia ya panya. Tumboni pia yafaa, lakini kwa mnyama uliyempasua tumbo ni upumbavu. Kwa sungura choma kwenye msuli wa paja au mgongo. Mshipani ni kwa dharura ya kweli tu: atipamezoli ikiingia ghafla kwenye damu hulegeza mishipa kwa mkupuo wakati moyo bado unakwenda polepole, na shinikizo la damu linaanguka.

Yohimbini, kama ndiyo uliyo nayo, ni 1 hadi 2 mg kwa kilo tumboni kwa panya wa aina zote mbili. Kwa sungura ni 0.2 mg kwa kilo, taratibu kwenye mshipa wa sikio. Ni moja ya hali chache ambapo mshipa hutumika kwa desturi, na mkono usiwe na haraka.

Utaona nini? Ndani ya dakika tano hadi kumi masharubu yanaanza kucheza, pumzi zinaongezeka, kisha kichwa kinainuka. Panya aliyelazwa chali atajigeuza. Andika saa aliyojigeuza, maana hicho ndicho kipimo chako cha kulinganisha leo na wiki ijayo.

Joto, macho, maji

Dawa pinzani hairudishi joto lililopotea. Panya mdogo ana ngozi nyingi kwa mwili mdogo, na alfa-2 na ketamini kwa pamoja huivuruga kabisa kazi ya ubongo ya kusimamia joto. Joto lake la kawaida ni nyuzi 36.5 hadi 38. Akishuka chini ya 34 ini hufanya kazi kivivu na dawa hukaa mwilini zaidi. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi juu ya bahari, utasaidiwa na hali ya hewa mchana. Njoro, zaidi ya mita 2,000, asubuhi ya Julai haitakusaidia hata kidogo.

Weka blanketi la joto la nyuzi 37 chini yake tangu mwanzo, si mwisho. Stima ikipotea, jaza glavu za mpira maji ya uvuguvugu, zifunge, zizungushie taulo. Zisimguse moja kwa moja: panya aliyelala hawezi kuhama akiungua, na glavu zikipoa zinamnyonya joto, kwa hiyo zibadilishwe. Choma salaini ya uvuguvugu chini ya ngozi, ml 10 kwa kilo, kwa sababu zailazini humfanya akojoe sana.

Macho yanahitaji mafuta ya macho tangu anapolala, kwani kope hazifumbi. Kiwingu cheupe kikionekana ndani ya jicho la panya aliyelazwa kwa zailazini, usimhukumu kuwa kipofu. Lenzi hufanya hivyo kwa muda na kwa kawaida husafika akiamka.

Alaze juu ya karatasi, si maranda, maana maranda huingia puani na machoni. Na asirudishwe kwa wenzake mpaka atembee bila kuyumba. Panya aliye macho humtafuna mwenzake aliyelala.

Maumivu hayasubiri

Hili naliona likipuuzwa kuliko yote. Ukifuta alfa-2 umefuta nafuu ya uti wa mgongo. Ukiongeza nalokisoni umefuta na ya fentanili. Panya wako mwenye mshono wa tumbo sasa yuko macho kabisa, bila kinga yoyote.

Meloksikamu ichomwe mapema, wakati bado amelala, ili iwe imeshaanza kazi pinzani inapofika: panya mdogo 5 mg kwa kilo, panya mkubwa 1 hadi 2, chini ya ngozi. Dawa ya ganzi ya kuchoma pembeni mwa kidonda, lidokeini, husaidia saa ya kwanza, lakini kwa panya hesabu kiwango chake kwa makini, kwani huua kwa kiasi kidogo. Kuna njia nyingine nzuri zaidi kwa waliotumia fentanili: badala ya nalokisoni, choma buprenofini. Inaisukuma fentanili nje ya kipokezi na kukaa yenyewe, lakini kwa kuwa hukiamsha kipokezi kwa nusu tu, pumzi zinarejea huku nafuu ya maumivu ikibaki. Mahali ambapo buprenofini inapatikana, sioni hoja ya kuchagua nalokisoni, isipokuwa mnyama yuko kwenye hatari ya kufa.

Sungura, na panya wagonjwa

Sungura hatapiki, kwa hiyo kumnyima chakula usiku kucha hakuna faida na kuna hasara. Utumbo wake ukisimama ndiyo mwisho wake. Akishaamka kwa pinzani apewe nyasi na majani mabichi mara moja, na uhesabu vinyesi vyake kesho yake. Asiyekula ndani ya saa 12 aonwe na daktari. Na moyo wake ukienda polepole chini ya zailazini, usikimbilie atropini, dawa ya kuharakisha moyo: sungura wengi wana kimeng'enya kinachoivunja. Atipamezoli hutibu chanzo chenyewe.

Panya aliyeambukizwa malaria ya panya, kama wale wanaotumiwa kupima dawa za mitishamba, ana damu pungufu na joto lililoshuka. Usimlaze kwa kiwango cha panya mzima. Anza na nusu, na pinzani ifuate nusu hiyo.

Wenye panya wa kisukari nao wasikilize. Zailazini na medetomidini huzuia insulini, na sukari ya damu hupanda hata kwa panya asiye na ugonjwa wowote. Ukipima sukari chini ya zailazini, umepima zailazini. Atipamezoli huirudisha polepole, lakini usomaji wa dakika hizo haufai kwa kundi lolote. Pima kabla ya kulaza, au tumia njia nyingine ya kumtuliza.

Kutumia pinzani kama kipimo

Wanafunzi wengi wa vyuo vya magharibi na Bonde la Ufa wanapima mimea inayosemekana kuleta usingizi, na swali la msimamizi huwa moja: inafanya kazi kupitia kipokezi gani? Hapa dawa pinzani inaacha kuwa ya kuokoa na inakuwa ya kuuliza.

Mpango ni huu. Mpe panya mdogo flumazenili 3 mg kwa kilo tumboni, ngoja dakika 15, kisha mpe dondoo la mmea, halafu upime muda anaopoteza na kurejesha uwezo wa kujigeuza akilazwa chali. Ikiwa usingizi unafupika sana, mmea huenda unapitia pahali pa benzodiazepini (jamii ya midazolamu na diazepamu). Lakini jibu hilo halina thamani bila makundi mengine pembeni: waliopata kiyeyusho tupu (kile cha kuyeyushia dondoo), waliopata dondoo tupu, waliopata flumazenili tupu, na waliopata diazepamu pamoja na flumazenili. Kundi hilo la mwisho ndilo wanaloacha kwa kubana matumizi, na ndilo linalothibitisha kwamba flumazenili yako haijaharibika kwenye friji iliyokatikiwa stima wikendi nzima. Anayesoma saa asijue panya yupi ni wa kundi lipi.

Soma matokeo kwa tahadhari. Flumazenili isipofanya chochote hujakanusha GABA. Umekanusha pahali pamoja tu juu ya kipokezi hicho, maana barbitureti, jamii ya pentobarbitali, hulaza kupitia kipokezi hichohicho kutoka pahali pengine na flumazenili haizigusi. Yohimbini ikimwamsha panya hujathibitisha alfa-2, kwa uchafu wake nilioutaja. Rudia kwa atipamezoli. Na kuamka tu si ushahidi. Kafeini au doksapramu humwamsha mnyama kwa kuchochea ubongo kwa njia nyingine kabisa, bila kuiondoa dawa ya kulaza kwenye kipokezi chake.

Kipimo chenye nguvu zaidi ni kuongeza dozi. Tengeneza mstari wa dozi nne au tano za dondoo bila pinzani, kisha mstari mwingine pamoja na pinzani. Ikiwa pinzani inashindania kipokezi kilekile, mstari wa pili utasogea kulia lakini utafika kilele kilekile, kwa sababu dozi kubwa hushinda mashindano. Kilele kikishuka, hawashindanii nafasi moja. Panya wanaohitajika ni wengi, na kamati ya maadili itauliza kwa nini. Jibu liwe limeandikwa tayari. Na joto la chumba liwe moja siku zote za jaribio, maana panya aliyepoa hulala zaidi hata mmea ukiwa maji matupu.

Ukijichoma wewe

Medetomidini na deksmedetomidini hupenya hata kwenye utando wa jicho na mdomo, na sindano yenye mchanganyiko ikikuingia kidoleni unaweza kusinzia na mapigo ya moyo kushuka. Osha kwa maji yanayotiririka, mwambie mtu aliye karibu, uende hospitali ukisindikizwa. Usiendeshe pikipiki wala gari. Nalokisoni haifuti zailazini, na atipamezoli haijaidhinishwa kwa binadamu, kwa hiyo asikuchome mwenzako kwa nia njema. Beba chupa yenyewe mkononi ili daktari asome jina na nguvu ya dawa.